Mashine ya Randa: Jinsi ya Kuitumia na Kuitunza Bila Kupoteza Vidole

Zamani fundi seremala wa Meru au wa Embu alipotaka kunyosha ubao alitwaa randa ya mkono, akaubana ubao juu ya meza yake, akasukuma mpaka jasho likamtoka. Siku hizi kazi hiyo aghalabu hufanywa na mashine. Tangu Maua na Meru mjini, kupitia Nkubu, Chogoria na Chuka, mpaka Runyenjes na Embu, ni shida kupita mtaa wa mafundi usisikie mlio wake. Ubao ambao ungemshughulisha mtu nusu ya asubuhi hunyoka kwa dakika chache. Faida hiyo haina shaka. Lakini katika vyombo vyote vya karakana, mashine ya randa ni miongoni mwa vile vinavyojeruhi vibaya zaidi, na sababu zake yafaa zielezwe wazi, maana wengi waliojeruhiwa hawakuwa wavivu wala walevi. Walikuwa watu wa kazi ambao hawakuelezwa namna mashine yenyewe inavyofanya kazi.

Mashine za randa ziko za namna mbili. Katika ya kwanza ubao huingizwa chini ya visu na kuvutwa na magurudumu ya chuma, ukatoka upande wa pili ukiwa na unene uliotakiwa. Mkono wa mtu hauna haja ya kufika karibu na visu. Katika ya pili ubao hupitishwa juu ya visu, nao husukumwa kwa mikono. Hiyo ya pili ndiyo inayokata vidole, na ndiyo ielezwayo hapa.

Mashine hiyo ina meza mbili za chuma zilizolala katika mstari mmoja. Moja ni meza ya kuingizia, nyingine ni meza ya kutokea. Kati yake pana ufa, na ndani ya ufa huo huzunguka chuma cha mviringo ambacho tutakiita ngoma, kilichofungwa visu viwili, vitatu au vinne. Juu ya meza umesimama ubao wa kuegemezea, ili pembe ya mbao iwe mraba.

Ngoma yenye upana wa milimita 100, ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ncha za visu vyake huenda kasi ya kilomita 75 kwa saa, yaani sawa na matatu katika barabara ya lami. Ikiwa ina visu vitatu, hukata mara 200 katika kila sekunde. Mtu hata awe mwepesi namna gani huhitaji kama sehemu ya tano ya sekunde ili autoe mkono wake mahali pa hatari. Na kabla hajautoa, visu vimekwisha kupita mara 40. Tena jeraha lake si kama la msumeno. Msumeno hukata kidole, na mara nyingine daktari mpasuaji aweza kukirudisha. Visu vya randa hukifanya kidole kama vinavyofanya ubao: hukigeuza maranda. Hakibaki kitu cha kushonwa.

Hapo kale ilikuwa mbaya kuliko sasa. Mwingereza Joseph Bramah alipewa hati ya uvumbuzi wa mashine ya randa mwaka 1802, na kwa miaka mingi baadaye mashine za kusukumia mbao kwa mkono zilikuwa na ngoma ya pembe nne. Kati ya pembe moja na nyingine palikuwa na nafasi kubwa, na mkono ulioanguka humo ulivutwa wote. Ngoma ya mviringo haiachi nafasi ya namna hiyo. Yaweza kula ncha za vidole, lakini haimezi kiganja. Kwa ajili hiyo kanuni za Uingereza za mwaka 1922 zilikataza ngoma ya pembe nne katika mashine za kusukumia mbao kwa mkono. Hapa Kenya kanuni za mashine za mbao zilitolewa mwaka 1959, chini ya Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950. Jambo hili si la historia tu. Mashine nyingi za mafundi wetu hazikutoka ng'ambo; zimeungwa na mafundi wa jua kali kwa vyuma vya pembe na mota iliyokwisha kutumika mahali pengine. Ziko zilizotengenezwa kwa akili sana. Lakini anayenunua mashine ya namna hiyo na aifungue kwanza atazame ngoma. Ikiwa si ya mviringo, au ikiwa visu vimeshikwa na boliti mbili tu, asiinunue hata ikiwa bei yake ni ya kutupa.

Sasa ni vema kujua ajali yenyewe hutokeaje. Ngoma huzunguka kumwelekea fundi, yaani visu huja kukutana na ubao. Ubao unapokwenda vizuri, mkono wa fundi huusukuma mbele na kuukandamiza chini. Lakini visu vikikutana na kifundo, au msumari, au nyuzi za mti zilizogeuka, ubao hurudishwa nyuma kwa ghafula. Mkono uliokuwa ukikandamiza hubaki bila kitu chini yake, nao bado una nguvu ya kwenda mbele na chini. Huanguka juu ya ufa. Hivyo si kweli kwamba fundi aligusa visu kwa kutotazama. Alikuwa akitazama, ubao ulimtoka.

Kwa hiyo maswali ya maana ni mawili: ni nini kinachourudisha ubao, na mkono ulikuwa wapi uliporudishwa?

Katika wilaya hizi swali la kwanza huanza na miti. Mafundi wazee walizoea mbao za msituni: muuru, ambao Wazungu waliuita mwaloni wa Meru na ambao kwao ni kandokando ya Mlima Kenya, muringa, kamfa, na podo. Miti ya asili ilipopigwa marufuku kukatwa katika misitu ya Serikali, watu waligeukia miti iliyopandwa, hasa saiprasi. Kisha Februari mwaka 2018 Serikali ilisimamisha ukataji katika misitu yote ya umma, na amri hiyo ikaendelea kwa miaka. Basi mbao nyingi zikatafutwa mashambani, na mti mkubwa wa mashambani ni grevilea. Mti huu ulitoka Australia, ukapandwa kwanza kuwa kivuli cha kahawa na chai, halafu ukaenea kila mpaka wa shamba. Mbao zake ni nzuri, na mistari yake hupendeza. Lakini mti wa mpakani ni mti uliopigiliwa misumari. Umeshikilia seng'enge, umebandikwa tangazo la mnada na picha ya mgombea, umefungiwa mbuzi. Gome hukua likafunika vyuma hivyo vyote, na mpasua mbao asijue. Tena matawi yake hukatwa kila mara kwa ajili ya kuni, na kila tawi lililokatwa huacha kifundo ndani ya shina.

Kwa sababu hiyo ubao wa grevilea wa shambani usipandishwe mezani kabla ya kuchunguzwa pande zote mbili. Palipo na alama nyeusi au ya samawi, mara nyingi pana chuma karibu. Sumaku iliyotolewa katika spika mbovu ya redio, ikining'inizwa kwa uzi na kupitishwa karibu na ubao, itaonyesha msumari ambao jicho halikuuona, ikiwa haukuzama sana. Ubao utokao kwa mpasuaji uondolewe pia udongo na mchanga kwa brashi ya waya, maana mchanga huua makali upesi kuliko mti wenyewe. Kisha zitazamwe nyuzi. Ubao upitishwe kwa upande ambao visu vitalaza nyuzi, kama mtu apapasavyo manyoya ya mbuzi kuelekea mkiani. Ukipitishwa kinyume, visu huchimba badala ya kukwangua, na hapo ndipo hurudishwa. Mbao mbichi nazo zina matata yake. Hukwama, hujaza maranda mabichi katika ufa, na hata zikinyoka leo zitapinda mwezi ujao. Mteja akiwa na haraka, na aambiwe hivyo.

Lakini sababu kubwa kuliko zote ni kisu butu. Wako watu waogopao visu vilivyonolewa karibuni na kuviona vilivyochakaa kuwa vipole. Mambo ni kinyume kabisa. Kisu kikali hukata ubao kwa urahisi, na fundi huusukuma kwa vidole vichache bila kuegemea. Kisu butu hugonga na kupondaponda. Ubao hutetemeka, na fundi hulazimika kuusukuma kwa uzito wa mwili wake. Uzito huo ndio utakaompeleka juu ya visu ubao utakapomtoka. Dalili za kisu butu zajulikana: mlio hubadilika ukawa wa kupiga badala ya kuvuma, uso wa ubao hung'aa na kuteleza kana kwamba umepigwa pasi, au hutoa manyoya, maranda hutoka kama unga, harufu ya kuungua husikika, na mkono huchoka. Fundi aonaye dalili hizi na azime mashine, hata ikiwa zimebaki mbao mbili tu za kumaliza kazi ya mtu. Hizo mbao mbili za mwisho zimekwisha kula vidole vya wengi.

Swali la pili ni la mkono. Kanuni ni moja: mkono usipite kamwe juu ya ufa, iwe ubao upo chini yake au haupo. Fundi husimama kando ya meza ya kuingizia, si nyuma ya ubao, ili ukirudishwa usimpige tumboni. Mkono wa kulia husukuma, wa kushoto huukandamiza ubao. Sehemu ya kutosha ya ubao ikiisha kufika upande wa pili, mkono wa kushoto huinuliwa, huvushwa hewani, kisha huwekwa tena juu ya meza ya kutokea. Tangu hapo nguvu zote za kukandamiza huwa upande huo. Mwisho wa ubao unapoukaribia ufa, mkono wa kulia huacha kushika ubao na kutwaa kibao cha kusukumia. Kibao hicho ni kipande cha mbao chenye urefu wa kama sentimita 30, kina mpini juu kama wa randa ya mkono, na chini nyuma kina kisigino cha kuukamata ubao. Hakigharimu kitu, chaweza kutengenezwa kwa mabaki katika nusu saa, na kitundikwe kwenye mashine yenyewe. Kikiwekwa kabatini hakitatumika. Visu vikikila, si neno, kitatengenezwa kingine.

Ubao mfupi kuliko sentimita 30 usipitishwe juu ya mashine hata kidogo. Hauwezi kulala juu ya meza zote mbili vizuri, na mikono yote miwili huwa karibu mno na visu. Miguu ya vigoda, vipande vya droo na kadhalika vipigwe randa vikiwa bado katika ubao mrefu, halafu vikatwe. Fundi aliyekwisha kukata, na atwae randa ya mkono, ambayo bado haijapitwa na wakati. Tena asilazimishe kuondoa mbao nyingi kwa mara moja. Milimita moja au mbili zatosha. Kupitisha mara tatu kidogo kidogo ni upesi kuliko kupitisha mara moja na kukwama.

Juu ya ufa lazima pawe na kinga, inayofunika ngoma kwa upana wake wote, nayo huinuliwa au kusogezwa kiasi cha unene wa ubao na si zaidi. Wako mafundi wasemao kwamba kinga huzuia kazi, na neno hilo lina ukweli kidogo: kinga isiyorekebishwa kwa kila ukubwa wa ubao huzuia kazi kweli. Lakini kuirekebisha ni kazi ya kufungua na kufunga skrubu moja. Mashine ya jua kali isiyokuja na kinga yaweza kutengenezewa ya mbao ngumu. Mbao hufaa kuliko chuma kizito, maana ikishuka juu ya visu itakatika tu, wala haitarusha vipande vya chuma usoni pa watu. Sehemu ya ngoma iliyo nyuma ya ubao wa kuegemezea, ambayo wengi huisahau, ifunikwe vilevile. Na mkanda na puli zake zifunikwe kwa bati au wavu.

Meza zirekebishwe hivi. Meza ya kutokea sharti iwe sawa kabisa na ncha za visu zinapofika juu. Ikiwa juu zaidi, ubao utaigonga na kukwama. Ikiwa chini zaidi, mwisho wa ubao utaanguka na kuchimbwa. Kipimo chake ni rahisi: umeme ukiwa umezimwa, kipande cha mbao kilichonyoka hulazwa juu ya meza hiyo kikitokeza juu ya ufa, na ngoma huzungushwa kwa mkono ulioshika mkanda, taratibu. Kisu kiguse mbao hiyo kwa shida tu, bila kuiinua. Meza ya kuingizia huwa chini kidogo, na tofauti hiyo ndiyo kina cha kukata. Ufa wenyewe uwe mwembamba kadiri iwezekanavyo.

Kubadili visu ni kazi ya mtu mmoja asiyesumbuliwa. Kwanza swichi kubwa ya ukutani izimwe na plagi ichomolewe. Ikiwa hakuna plagi, fyuzi itolewe na kutiwa mfukoni mwa yule anayebadili, ili mtu mwingine asiwashe. Kabari ya mbao huzuia ngoma isizunguke. Visu vyote hutolewa na kunolewa pamoja, kwa pembe ya digrii 35 hadi 40, bila kuvichoma mpaka vikageuka rangi ya samawi. Kisha vipimwe kwa mizani. Kisu kimoja kikiwa kizito kuliko mwenzake, ngoma itatetemeka, na mtetemo hulegeza boliti. Kilichonolewa mara nyingi hata kikawa chembamba, kisichoshikwa vema na boliti, kitupwe. Visu vya kukatwa katika spring za magari havifai, maana hakuna ajuaye chuma hicho kimechoka kiasi gani. Boliti hukazwa kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda kando, halafu hukazwa mara ya pili, na tena baada ya mashine kuzunguka dakika chache na kuzimwa. Kabla ya kuiwasha, ngoma izungushwe kwa mkono ihakikishwe haigusi kitu. Na inapowashwa mara ya kwanza watu wote wasimame kando.

Hapa yafaa kutaja kosa moja la puli. Mota izungukayo mara 2,880 kwa dakika, ikiwa na puli ya milimita 125 na ngoma ina puli ya milimita 90, huzungusha ngoma mara 4,000. Fundi mwenye haraka akitia puli ya milimita 200, ngoma itazunguka mara 6,400. Ataona ubao umekuwa laini zaidi, naye atafurahi. Lakini nguvu inayovuta visu vitoke katika ngoma haiongezeki kwa kadiri ile ile. Huwa zaidi ya mara mbili na nusu ya kwanza. Boliti hazikutengenezwa kwa nguvu hiyo, na kisu kilichotoka hupita ukuta wa mabati bila kuuliza.

Umeme nao una hila zake. Umeme ukikatika, jambo lisilo geni, mashine izimwe mara moja kwa swichi yake, kabla mtu hajaenda kunywa chai. La sivyo utakaporudi itaanza kuzunguka yenyewe, pengine mtoto akiwa amekalia meza. Iko swichi ambayo hujifungua yenyewe umeme unapokatika, nayo ndiyo inayostahili kununuliwa. Penye mota ya nyaya tatu, kila mara nyaya zilipounganishwa upya itazamwe mashine inazunguka upande gani kabla ya kupitisha ubao. Ikizunguka kinyume, visu vitaunyakua ubao pamoja na mkono.

Utunzaji wa kila siku si mwingi. Maranda yaondolewe kwa brashi, si kwa kidole, mashine ikiwa imesimama. Na sakafuni yafagiliwe, maana anayeteleza hushika kilicho karibu. Katika baridi ya Julai chini ya mlima, meza hushika kutu kwa usiku mmoja. Zipanguswe, kisha zisuguliwe kwa mshumaa. Nta huzuia kutu, huufanya ubao uteleze, wala haitii madoa kama oili. Beringi zikivuma au kupata moto zibadilishwe. Mavazi yawe ya kubana, mikono ya shati ifungwe vifungo, wala glavu zisivaliwe. Pua na mdomo vifunikwe: mwaka 1995 wataalamu wa afya wa dunia walithibitisha kwamba vumbi la mbao huleta saratani ya pua, na wako watu ambao grevilea huwawasha ngozi.

Ajali ikitokea, jeraha likandamizwe kwa kitambaa safi, mkono uinuliwe juu ya moyo, pete itolewe kabla ya uvimbe. Majani ya chai, tumbaku na mafuta ya taa visitiwe. Kipande cha kidole kikipatikana, kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe katika mfuko usiopitisha maji, na mfuko uwekwe juu ya barafu. Kipande chenyewe kisiguse barafu. Mgonjwa apelekwe bila kuchelewa katika hospitali kubwa ya Meru au ya Embu, au Chogoria, Nkubu au Maua, ipi iliyo karibu, naye achomwe sindano ya pepopunda.

Yapo na mambo ya sheria. Sheria ya Viwanda iliondolewa, na mahali pake ikaja Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Kwa sheria hiyo, hakuna mtu anayeweza kuwekwa kwenye mashine ya hatari kabla ya kuelezwa hatari zake, na kabla ya kufundishwa vya kutosha au kusimamiwa na mwenye ujuzi. Kijana aliyeletwa na mzazi wake kujifunza ufundi yumo katika sheria hiyo sawa na mwingine yeyote. Sheria nyingine ya mwaka huo huo, ya mafao ya majeraha ya kazini, humtaka tajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, na aipeleke habari ya ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika muda wa siku 7 tangu aarifiwe. Fundi aliyeumia amwarifu tajiri wake mara moja, hata kwa mdomo, au amtume mwenzake. Na ajali iandikwe daftarini siku ile ile, pamoja na saa, mashine iliyohusika, na majina ya walioiona.